Kazi ya kutibu miguu: njia za kuifikia ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe, zikilinganishwa

Tanzania haina chuo kinachotoa shahada ya podiatria, yaani fani ya kutibu miguu. Kijana wa Tukuyu au Mafinga anayeipenda kazi ya miguu akishalijua hilo, huwa anafanya moja kati ya mawili: anaachana nayo, au anaanza kuota Johannesburg. Yote mawili ni mapema mno. Kazi yenyewe ipo hapa na inafanyika kila siku, ila imegawanywa kwa kada kadhaa, na kila kada ina chuo chake, baraza lake na chombo chake mkononi. Kabla ya kuuliza chuo, jiulize unaitaka sehemu ipi ya kazi hiyo.

Tuzipime njia zote kwa mguu mmoja wa mfano. Mchuma chai wa Rungwe, mama wa miaka 58, ana sukari mwaka wa kumi na mbili sasa. Anavaa mabuti ya mpira bila soksi tangu alfajiri. Chini ya fundo la kidole gumba ana sugu nene yenye doa jeusi katikati, wala haimuumi. Mwezi wa saba baridi inapokaza anaota moto na miguu kuisogeza kwenye jiko la mkaa, na kisigino kimeungua bila yeye kujua. Lile doa jeusi ni damu iliyovujia ndani. Chini ya sugu tayari kuna kidonda. Nani atafanya nini na mguu huu?

Muuguzi

Huyu ndiye atakayemvua buti. Anakagua katikati ya vidole, anatafuta mapigo ya damu sehemu mbili (mgongoni mwa mguu, na nyuma ya kifundo cha ndani), kisha anapima ganzi kwa uzi mgumu wa nailoni wa gramu 10. Mgonjwa anafumba macho. Uzi unasimamishwa wima juu ya ngozi, unasukumwa hadi ujipinde, unatolewa. Yote hayo ndani ya sekunde mbili. Sehemu ni tatu kwa kila mguu: chini ya kidole gumba, chini ya fundo lake, na chini ya fundo la kidole cha mwisho. Kila sehemu mgonjwa anaulizwa mara tatu, na mara moja kati ya hizo anaulizwa "nimekugusa?" ilhali hajaguswa. Akipatia mbili kati ya tatu, hisia bado ipo.

Kipimo chepesi hivyo huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuuweka uzi juu ya sugu yenyewe, na sugu haisikii hata kwa mtu mzima wa afya. Weka pembeni yake. Ya pili ni uzi mmoja kutumika kliniki nzima. Uzi huchoka. Baada ya wagonjwa kumi hivi unatakiwa upumzike saa 24, vinginevyo unajipinda kabla ya kufika gramu 10 na kila anayepimwa anaonekana ana ganzi. Kituo ambacho hakina uzi kisiache kupima: kwa ncha ya kidole chako gusa kwa wepesi ncha za kidole gumba, cha tatu na cha tano, miguu yote miwili, sekunde moja hadi mbili kila kimoja. Asiyesikia sehemu mbili au zaidi kati ya hizo sita, mhesabu ana ganzi.

Muuguzi ndiye pia anayepanga tarehe ya kurudi, na hapo ndipo miguu mingi inapookolewa au kupotea. Mgonjwa asiye na ganzi na ambaye damu inafika vizuri miguuni anakaguliwa mara moja kwa mwaka. Mwenye ganzi peke yake ni kila miezi sita hadi kumi na miwili. Mwenye ganzi pamoja na mguu uliobadilika umbo, au ganzi pamoja na damu isiyofika vizuri, ni kila miezi mitatu hadi sita. Aliyewahi kuwa na kidonda au kukatwa kidole ni kila mwezi mmoja hadi mitatu, hata kama leo mguu unang'aa.

Masomo ni diploma ya miaka mitatu, ngazi ya 4 hadi ya 6 za NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati. Mlango wake ni kidato cha nne: ufaulu wa kuanzia D katika masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini, na humo lazima ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Kwa mtu wa nyanda za juu kusini hii ndiyo njia iliyo karibu na nyumbani kuliko zote: Tukuyu, Ilembula na Peramiho zote zina mafunzo ya uuguzi. Ukimaliza unasajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Ubaya wake tuuseme. Hakuna atakayekuajiri uwe muuguzi wa miguu. Utapangwa wodi ya wazazi mwezi huu, chanjo mwezi ujao, na miguu utaipata kwa kuiomba. Wanaofanikiwa ni wale waliomfuata mfawidhi wao na kuomba kliniki ya sukari kila wiki, siku ile ile, mpaka wagonjwa wakawazoea.

Tabibu

Tabibu (clinical officer, si daktari wa shahada) ana kalamu ya dawa. Mama wa Rungwe akifika kwake, sugu ikishachongwa na kidonda kikaonekana, anaingiza kijiti cha chuma kilichotakaswa taratibu hadi chini. Kikigonga kitu kigumu kama jiwe, mashaka ni kwamba maambukizi yamefika kwenye mfupa, na hapo ni picha ya eksirei na rufaa, si kubadilisha bandeji. Anaamua dawa ya usaha, anapima sukari, na kucha iliyozama kwenye nyama anaweza kuitoa baada ya kukidunga kidole sindano ya ganzi.

Diploma ya utabibu nayo ni miaka mitatu, na sifa za kuingia zinafanana na za uuguzi kwa kiasi kikubwa, ingawa ushindani ni mkali zaidi. Usajili uko chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Ukilinganisha na uuguzi, unapata uamuzi zaidi na muda mfupi zaidi na mgonjwa. Tabibu wa zahanati anayeona foleni ya malaria, nimonia na majeraha ya bodaboda hana dakika ishirini za kuchonga sugu. Anayependa kukaa na mguu mmoja kwa utulivu atachoka hapa mapema.

Tahadhari moja inawahusu wote wawili, muuguzi na tabibu: kisu hakigusi mguu kabla ya vidole vyako kugusa mapigo. Mguu wa baridi, usio na nywele, wenye ngozi inayong'aa na mapigo yasiyosikika hauna damu ya kuponya hata mkwaruzo. Ukiuchonga kwa nia njema, unatengeneza kidonda kisichopona. Na ukikuta mguu umevimba, wa moto kuliko mwenzake, hauna jeraha wala homa, kwa mgonjwa mwenye ganzi, usiandike dawa ya usaha na kumruhusu. Fikiria kwanza mifupa inayovunjika kimyakimya, ule ugonjwa unaoitwa mguu wa Charcot. Akiendelea kuukanyaga, unyayo unabonyea na kutokeza chini kama tumbo la mtumbwi, na umbo la awali halirudi tena.

Mtaalamu wa viungo bandia na vifaa saidizi

Watu wakisikia "viungo bandia" wanafikiria mguu wa plastiki wa mtu aliyekatwa. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuzuia ukataji, na kwa maoni yetu hapa ndipo palipo karibu zaidi na podiatria kwa mtu anayesoma bila kutoka nchini. Kidonda cha mama yule kimetokana na shinikizo: kila hatua uzito wake unatua kwenye fundo lile lile. Unaweza kukisafisha kila siku na kumpa dawa ya kila aina, lakini akitoka hapo akatembea kwa buti lile lile, umefanya kazi bure. Mtu anayeondoa shinikizo ndiye anayeponya.

Kazi inakwenda hivi. Mguu unazungushiwa bandeji za jasi, umbo likikauka linachanwa na kuvuliwa. Ndani yake unamiminwa ujiuji wa jasi, ukiganda unapata mfano wa mguu. Mfano huo hauachwi ulivyo: pale mfupa ulipojitokeza unaongeza jasi, pale nyama inapoweza kubeba uzito unakwangua. Kisha karatasi ya polipropilini, aina ya plastiki ngumu, inapashwa kwenye oveni hadi ilegee na kung'aa, inavutwa juu ya mfano na hewa inanyonywa kwa pampu ili ishike kila mkunjo. Soli za ndani zinatengenezwa kwa povu la EVA la tabaka mbili, laini juu na gumu chini, na panachongwa kishimo chini ya fundo lenye kidonda. Kwa mguu mgumu soli ya nje inaweza kufanywa ya mviringo kama tumbo la mtumbwi, ili mguu ubingirike badala ya kukunjika.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huharibu sehemu mbili. Anasahau kuongeza jasi kwenye kifundo na kichwa cha mfupa mwembamba chini ya goti, na kifaa kinarudi baada ya wiki kikiwa kimechubua. Au anasahau maisha ya mgonjwa: anatengeneza soli nzuri ya kiatu cha Jumapili, wakati mama anashinda shambani na buti la mpira. Soli ikiingizwa kwenye buti lisilo na kina, inapandisha mguu juu na vidole vinasuguana na mpira. Dawa ni buti la namba moja zaidi, au kuchukua vipimo ukiwa na buti lenyewe mezani. Fundi viatu hodari wa Mwanjelwa anaweza kuwa mwenzako mkubwa hapa, ukimwelekeza.

Chuo ni TATCOT, Moshi, ndani ya eneo la hospitali ya KCMC, kinachofundisha fani hii tangu 1981 na kupokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Kuna diploma ya miaka mitatu na shahada ya miaka minne. Masomo ni ya Kiingereza tupu. Kwa diploma, Fizikia ni kitu cha kuangalia kwa makini, kwa sababu biomekaniki ya mwaka wa kwanza ni nguvu, nyenzo na mahesabu. Mwenye D ya kubahatisha ataisikia.

Umbali si mdogo. Mbeya hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 1,000, upite Chalinze au upite Dodoma, kwa hiyo bajeti ya nauli ya likizo mbili kwa mwaka iandikwe pamoja na ada tangu mwanzo. Upande wa fedha kuna ahueni: Bodi ya Mikopo ilipoanza kukopesha wanafunzi wa diploma mwaka wa masomo 2023/24, kati ya fani za afya ilizozitaja zilikuwemo viungo bandia na fiziotherapia. Uuguzi na utabibu hazikuwemo. Orodha hiyo hupitiwa upya, hivyo soma mwongozo wa mwaka unaoomba.

Ajira ni chache kwa hesabu, lakini waombaji nao ni wachache. Kazi inahitaji karakana: oveni, pampu, mashine ya kusaga, plastiki za kuagiza. Ukipangwa hospitali ambayo karakana yake imelala, ujuzi wako utalala nao. Uliza hilo kabla ya kuripoti.

Fiziotherapia

Hii tutaipitia haraka, si kwa sababu ni ndogo, bali kwa sababu miguu ni sehemu tu ya kazi yake. Kisigino kinachouma asubuhi ukiweka mguu chini, kifundo kilichoteguka, mchezaji wa mpira wa Sokoine aliyechanika mshipa wa kisigino, mtoto anayetembea kwa vidole: hawa ni wa fiziotherapia. Kwa mama wa Rungwe, mfiziotherapia ataona kifundo kilichokakamaa ambacho ndicho kinachosukuma uzito wote mbele ya unyayo. Kidonda chenyewe hakigusi. Diploma ni miaka mitatu na shahada ni minne. KCMC imefundisha fani hii muda mrefu. Ukitaka kujiajiri mjini Mbeya au Iringa kwa mtaji mdogo, hii inawezekana kuliko ya karakana: kitanda, mikono na chumba kimoja.

Mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo, yaani uliopindia ndani, anawakutanisha wote. Kwa njia ya Ponseti anafungwa hogo (plasta ngumu ya jasi) jipya kila wiki kwa wiki tano hadi saba hivi, mara nyingi mshipa wa kisigino unakatwa kidogo, kisha anavaa viatu vyenye fimbo saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, baadaye usiku tu hadi umri wa miaka minne au mitano. Mguu ukirudi kupinda, karibu kila mara chanzo ni viatu vya usiku vilivyoachwa, si hogo.

Udaktari

Ukiwa na PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) na alama nzuri za kidato cha sita, MD, shahada ya udaktari, ipo Mbeya penyewe, kwenye Chuo cha Afya na Sayansi Shirikishi cha UDSM. Ni miaka mitano na mmoja wa mafunzo kazini, kisha miaka ya ubingwa kama unataka upasuaji wa mifupa. Usiende huko kwa ajili ya miguu peke yake. Nenda kama unautaka udaktari.

Podiatria yenyewe, nje ya nchi

Mtaalamu wa podiatria anachanganya vipande vya wote hawa: anachonga sugu, anafanya upasuaji mdogo wa kucha na kuua mzizi wake kwa kemikali iitwayo fenoli, anasoma mwendo, anaagiza soli, anaongoza kliniki ya vidonda. Chuo Kikuu cha Johannesburg kinatoa shahada ya miaka minne. Uingereza ni miaka mitatu, minne kwa Scotland, na jina la kazi linalindwa na sheria: huwezi kujiita hivyo bila kusajiliwa na HCPC, baraza la kada za afya la huko. Marekani ni safari nyingine kabisa: shahada ya kwanza, kisha miaka minne ya DPM, yaani udaktari wa miguu, kisha mitatu ya mafunzo hospitalini, na unatoka ukiwa mpasuaji wa miguu. Usilinganishe ada za Marekani na za Uingereza kana kwamba unanunua kitu kimoja.

Ugumu uko kwenye kurudi. Shahada ya nje inapitishwa TCU, tume ya vyuo vikuu, kwanza ili itambuliwe, halafu unakabili swali la baraza: wewe ni kada gani? Nafasi za ajira za afya hutangazwa kwa jina la kada, na podiatria hutaiona humo. Mtu aliyekwenda Johannesburg moja kwa moja kutoka kidato cha sita anarudi na ujuzi mkubwa na mlango mdogo. Aliyekwenda akiwa tayari muuguzi au mtaalamu wa viungo bandia aliyesajiliwa anarudi kwenye kazi yake, kisha anaipanua. Ndiyo maana ushauri wetu, isipokuwa kwa mwenye ufadhili kamili na nia ya kuishi huko, ni kuiweka podiatria ya nje kuwa hatua ya pili.

Hatua ya kati ipo. Mpango wa Step by Step, wa kutunza miguu ya wenye sukari, ulioanza nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000 akiwemo Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, ulifundisha daktari na muuguzi wakiwa jozi kutoka kituo kimoja: kozi ya msingi ya siku chache, wanarudi kazini na vifaa, mwaka unaofuata kozi ya juu. Jozi ni akili kubwa. Muuguzi aliyesoma peke yake hurudi kwa bosi asiyejua anachoongea.

Uchague ipi?

Ukikosa Fizikia kidato cha nne, milango karibu yote tuliyoitaja imefungwa. Rudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea kabla ya kulipia "kozi fupi ya tiba ya miguu" unayoiona kwenye bango. Kwa chuo chochote cha kati, angalia kwa NACTVET kwamba programu ile, kwenye kampasi ile, imepewa ithibati. Chuo kinaweza kusajiliwa na programu yake mpya isiwe na ithibati, na utakayeumia siku ya usajili wa baraza ni wewe.

Ukitaka kubaki karibu na nyumbani na kuanza kazi popote: uuguzi. Ukipenda kuamua na kuandika dawa: utabibu. Ukiwa na mikono ya ufundi, ukavumilia vumbi la jasi na kuishi mjini Moshi miaka mitatu: viungo bandia, na hii ndiyo tunayoipendekeza kwa aliyekuja akiuliza miguu na si kitu kingine. Kazi ya kutengeneza kucha saluni nayo ni halali na inalipa, lakini mpaka wake ni ngozi isiyo na jeraha. Mteja mwenye sukari haogeshwi miguu kwa maji ya moto wala kukwanguliwa sugu kwa wembe.

Kabla ya kujaza fomu, andika barua kwa mganga mfawidhi wa hospitali yenye kliniki ya sukari na nyingine kwa yenye karakana, uombe kukaa siku moja kila mahali ukitazama. Kliniki nenda siku ya vidonda. Bandeji ya wiki tatu itakapofunguliwa, usitazame kidonda tu, jitazame na wewe: umesogea mbele kuona, au umerudi nyuma kutafuta dirisha?